Kalafati, si gundi

Katika gereji nyingi, kila dawa ya tyubu inayopakwa kati ya vyuma viwili vya injini huitwa gundi ya gasketi. Jina limezoeleka, lakini linampotosha fundi. Kazi ya gundi ni kushika, na mtu akitaka ishike zaidi huongeza. Dawa hii haikuwekwa ishike. Kinachoshika sampu, yaani bakuli la oili, kwenye bloku ni boliti zilizokazwa kwa kipimo. Dawa huziba mikwaruzo na mianya midogo ili oili isipate njia. Sampu za injini nyingi za Toyota hazina gasketi ya karatasi: hupakwa uzi mmoja wa silikoni, mwembamba wa milimita chache, usiokatika. Anayedhani anapaka gundi huumwaga. Boliti zikikazwa, ziada hutokeza pande zote mbili. Ya nje huonekana na kufutwa. Ya ndani hukauka, hukatika vipande, na vipande huweza kuziba chujio la pampu ya oili.

Neno linalosema kazi hiyo tunalo, nalo ni kalafati. Fundi wa jahazi hufunga mbao kwa misumari, kisha hupigilia pamba yenye mafuta katika nyufa zilizo kati ya ubao na ubao. Msumari hushika, kalafati huziba. Injini nayo ni hivyo hivyo, ila msumari umekuwa boliti. Neno lina pia kitenzi chake, kukalafati, na linapokea vivumishi bila shida. Kalafati ya silikoni hukauka kwa unyevu wa hewani na kubaki laini kama mpira, hivyo huivumilia sampu ya bati inayotikisika. Kalafati isiyotaka hewa hufanya kinyume: huganda pale tu inapobanwa kati ya vyuma, hewa ikiisha, nayo hufaa nyuso ngumu zilizochongwa sawasawa. Ziada yake ikiingia ndani hubaki majimaji, ikachukuliwa na oili.

Atasema mtu kwamba mafundi wameshazoea kusema silikoni, basi yatosha. Haitoshi, kwa sababu silikoni ni jina la mali, si la kazi, na kalafati isiyotaka hewa si silikoni kabisa. Anayeita zote silikoni atauziwa moja kwa kila kiungo. Mwingine atauliza fundi wa bara, asiyewahi kuona jahazi, atajuaje kalafati. Atajua kama alivyojua usukani, neno la chomboni ambalo leo kila dereva analishika mkononi bila kuuliza bahari iko wapi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba gasketi ya hedi ya tabaka za chuma kwa kawaida hufungwa kavu, haipakwi chochote, kwa hiyo huenda istilahi ikamshawishi fundi kukalafati kila mahali. Hapo ndipo neno la jahazini linapoonya kuliko gundi. Ubao uliooza haukalafatiwi. Hung'olewa ukawekwa mwingine. Vivyo hivyo hedi iliyopinda hupelekwa kuchongwa isawazike, au hubadilishwa. Aliyefunzwa kwamba anaziba ufa, na si kwamba anagandisha vyuma, ataupima ufa kabla ya kufungua tyubu.