Nani Alilipia Jukwaa la Nairobi?

Kila Juni bajeti inaposomwa, hapa Loresho hakosekani jirani wa kuuliza kwa nini kodi yake imsafirishe mcheza ngoma kwenda ng'ambo ilhali barabara imejaa mashimo. Swali la barabara ni halali. Ninalolikataa ni dai linaloambatana nalo: kwamba zamani sanaa ya Nairobi ilijitegemea, haikugusa senti ya umma.

Wenye dai hilo hutaja Donovan Maule, jumba la walowezi lililoendeshwa kama klabu. Sawa. Lakini ni wachache waliowahi kufungua Sheria ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya. Ilitungwa 1951, na Jumba la Kitaifa la Maigizo likafunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikijaza watu vizuizini, ilijua jukwaa ni kazi ya dola. British Council nayo, chombo cha kueneza utamaduni wa Uingereza kwa fedha za walipa kodi wake, ilikuwa na mkono wake humo.

Mzozo wa 1976 ndio unaofaa kusomwa polepole. Kenya ilialikwa FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika lililofanyika Lagos mapema 1977. Michezo miwili ikateuliwa: ule wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, na *Betrayal in the City* wa Francis Imbuga. Ilipotaka kuonyeshwa nyumbani kwanza, katika jumba lenye jina la taifa, ikaambiwa nafasi zimeshikwa. Nani kazishika? Jeune Ballet de France, na Nairobi City Players waliokuwa na komedia ya Broadway. Wajumbe wetu wakabanwa katikati, siku nne kwa kila mchezo. Kimathi alipopanda jukwaani Oktoba, watazamaji waliungana na waigizaji kuimba, wakatoka nao hadi barabarani kuelekea hoteli ya Norfolk, polisi wakawazuia. Ngũgĩ na mwelekezi Seth Adagala waliitwa makao makuu ya upelelezi.

Wapo wanaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba serikali isiguse sanaa kabisa. Nawasikiliza, maana polisi hao walilipwa na hazina ile ile. Ila tiba yao ingewaacha akina Adagala bila nauli ya Lagos, na jumba likabaki kwa mwenye uwezo wa kulikodi. Wale wanaosema sanaa ni anasa sina subira nao: Jumamosi utawakuta Alliance Française, wakifurahia tamasha linalobebwa kwa sehemu na mlipa kodi wa Ufaransa.

Miaka ya Moi naipita. Kamĩrĩĩthũ, jukwaa la kijijini la Ngũgĩ, imeandikiwa vya kutosha. Bomas, kituo cha ngoma kilichoanzishwa na serikali 1971, iliendelea kuwaajiri wachezaji, ingawa wengi tunaijua kwa mikutano ya katiba na hesabu za kura.

Katiba ya 2010, ibara ya 11, inaiagiza dola kukuza sanaa. Haisemi "ikipenda", wala haisemi sanaa ikomee mpakani. Miaka mitano baadaye, Jumba la Kitaifa la Maigizo lilifunguliwa upya baada ya ukarabati. Mfadhili alikuwa kampuni ya bia.