Mwalimu wa Kiswahili Mjini Berlin

Wasikilizaji wa Mbeya na Iringa, fungueni ukurasa huu, tusome pamoja polepole.

Wengi wenu lugha ya nyumbani ni Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa. Kiswahili mlijifunza baadaye, sokoni, barazani au shuleni. Pengine wapo wanaoona haya kukosea mbele ya wenzao. Basi sikilizeni: hata wale waliokuja kuwatawala babu zenu walikaa kitako wakafundishwa Kiswahili, na mwalimu wao alikuwa Mwafrika.

Mwaka 1887 Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walifungua mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki. Humo walifundishwa watu waliotaka kufanya kazi ya serikali katika nchi zetu. Mwaka 1896 Wadachi walianza kujenga boma lao Iringa. Mdachi hakujua Kihehe, wala Mhehe hakujua Kidachi. Lugha ya boma ikawa Kiswahili, na wote wawili walikuwa wanafunzi wake.

Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda kufundisha katika chuo hicho. Kitabu chaweza kukueleza maana ya neno “ng’ombe”. Lakini kulitamka sawasawa kwahitaji mwalimu, umsikie na akusahihishe. Tena aliandika sehemu kubwa ya kitabu “Desturi za Wasuaheli”, alichokihariri Carl Velten, kikapigwa chapa mwaka 1903.

Lakini heshima ile ilikuwa na mpaka. Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke wa Kidachi. Mwaka 1905 walisafiri ili warudi kwao Mtoro. Serikali ya Wadachi haikukubali wakae nchini kama mume na mke, wakarudi Ujerumani. Lugha yake waliitaka. Yeye na mkewe waliwakataa.

Mtoro hakuacha kazi yake. Tangu mwaka 1909 alifundisha Hamburg pamoja na Carl Meinhof, mtaalamu ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1899 alichunguza hata sauti za Kinyakyusa. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927.

Basi, ndugu msomaji, ukikosea leo, usifunge daftari. Sema tena.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Wadachi walihitaji Kiswahili Iringa?
2. Mtoro alitendewa haki? Toa sababu.
3. Nani alikufundisha Kiswahili, na wapi?