Kasa akishindwa kuzama ni mgonjwa: Fahamu daktari anavyompima

Kama umekulia Tunduma, Vwawa au Mlowo, daktari wa mifugo unamjua kwa ng'ombe. Anaangalia pua na macho, anaweka kipimajoto kule nyuma, kazi inaanza. Ila pwani, mamia ya kilomita kwa barabara kutoka hapa, yupo mgonjwa mwingine kabisa: kasa.

Kwa kasa wengi kipimajoto hakisaidii sana, maana joto la mwili wao hufuata joto la maji. Watamu nchini Kenya, shirika la Local Ocean Conservation lina kituo cha kuwatibu, na wengi huletwa na wavuvi baada ya kunasa kwenye nyavu. Kasa hupimwa uzito na urefu wa gamba, kisha hukaguliwa macho, mdomo na mapezi. Ruba wengi mwilini ni dalili kwamba amekuwa dhaifu kwa muda. Shingoni na kwenye macho hutafutwa uvimbe unaofanana na koliflawa, ambao unahusishwa na virusi.

Halafu anawekwa kwenye maji. Hapa ndipo siri inapotoka. Mzima huzama akitaka. Mgonjwa huelea kama boya, mara nyingi kwa sababu ya gesi tumboni. Chanzo kinaweza kuwa plastiki iliyoziba utumbo. Asiyezama hapati chakula na ni rahisi kugongwa na boti. Eksirei huonyesha ndoano vizuri, lakini plastiki nyingi hazionekani, kwa hiyo daktari husubiri kuona choo chake. Ndiyo, choo!

Kuna kitu kingine ambacho daktari hawezi kukiona kwa kumtazama tu: sumu kwenye nyama. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula kasa. Novemba 2021, Pemba hiyohiyo, walifariki watu 7. Kasa mwenye sumu huonekana mzima, kuipika nyama hakuiondoi, na dawa yake haipo.

Ukienda pwani ukamkuta kasa amelegea ufukweni, usimgeuze chali wala kumsukuma majini. Mweke kivulini, funika gamba kwa kitambaa kibichi, acha pua wazi, kisha mtafute ofisa uvuvi wa eneo hilo.