Kunguru katika ibada za wahenga za Wahindu

Kunguru, yuleyule anayelaaniwa Zanzibar kwa wizi wa vifaranga, huaminiwa na Wahindu wengi kuwa mjumbe wa Yama, mungu wa mauti, na mwakilishi wa wahenga. Katika Pitru Paksha, majuma mawili hivi ya kuwakumbuka wafu kati ya Septemba na Oktoba, kunguru hutengewa chakula kabla ya familia kula. Ng'ombe, mbwa na sisimizi nao hupata fungu lao. Huko Maharashtra, siku ya kumi baada ya kifo, matonge ya wali huwekwa nje. Kunguru asipoyagusa, jamaa hudhani marehemu ana neno moyoni, nao humwahidi kwa sauti kutimiza haja yake. Akizidi kukataa, hutengenezwa kunguru wa nyasi, matonge yakaguswa naye, ibada ikaendelea.