Walitafuta usingizi, wakapata kidonge cha akili

Katikati ya miaka ya 1970, wanafunzi 16 wa chuo kikuu huko Cardiff, Wales, walimeza vidonge 12 kila siku kwa wiki mbili. Hawakuwa wagonjwa, walichaguliwa kwa sababu walikuwa wazima na vichwa vyao vilikuwa vyepesi. Baadhi walipewa pirasetamu, gramu 4.8 kwa siku, na wengine vidonge visivyo na dawa, bila kujua nani kapewa kipi. Siku ya 7 tofauti haikuonekana. Siku ya 14, waliomeza dawa halisi walikuwa wamepiga hatua katika kukariri maneno. Watafiti Dimond na Brouwers walichapisha matokeo hayo mwaka 1976, na hadi leo wapenzi wa vidonge vya akili huyataja kana kwamba yalimaliza ubishi. Watu 16!

Pirasetamu haikutengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Ilipatikana mwaka 1964 katika maabara ya kampuni ya UCB, Ubelgiji, alikokuwa Corneliu Giurgea, mwanasayansi mzaliwa wa Romania. Umbo lake linakaribiana na GABA, kemikali ambayo ubongo huitumia kujituliza, kwa hiyo matumaini yalikuwa kupata dawa ya kutuliza au kuleta usingizi. Wanyama wa majaribio hawakulala. Giurgea aliona jambo jingine: walijifunza vizuri zaidi, na kumbukumbu zao zilistahimili misukosuko kama ukosefu wa oksijeni.

Mwaka 1972 akatangaza kundi jipya la dawa, nutropiki, akaliwekea masharti. Dawa ya kundi hilo isaidie kujifunza na kukumbuka, iukinge ubongo na madhara, isichangamshe kupita kiasi, isilaze, na isiwe na sumu ya kutisha. Ni masharti magumu. Kahawa ingekwama mlangoni, sembuse miraa ya Meru inayokesha na madereva na wanafunzi. Hata Benzedrine, amfetamini ambayo wanafunzi wa Minnesota waliikimbilia wakati wa mitihani katika miaka ya 1930, isingepita. Giurgea alitaka kitu kitakachoinua akili bila kuipiga mjeledi. Shida ni kwamba jina la kundi lilitangulia, ushahidi ukabaki nyuma, na mpaka sasa haujalifikia.

Huko Ulaya pirasetamu iliuzwa kwa jina la Nootropil, wakaandikiwa wazee wanaosahau na watu waliopata kiharusi. Wataalamu wa Cochrane, mtandao unaopitia ushahidi wa tiba, walipokusanya majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa kupungukiwa akili uzeeni, hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza. Sehemu moja ilikosaidia kwa uhakika zaidi ni mishtuko ya misuli inayotokana na gamba la ubongo, ambayo haihusiani na kufaulu mtihani.

Marekani haikuwahi kuidhinisha pirasetamu, lakini ndiko soko lilikolipuka. Mwaka 1990 Ward Dean na John Morgenthaler walitoa kitabu, Smart Drugs & Nutrients, na San Francisco kukafunguliwa baa zinazouza vinywaji vya akili badala ya pombe. Kisha ikaja sheria ya virutubisho ya mwaka 1994, ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko ugunduzi wowote wa maabara. Tangu hapo mtengenezaji wa kirutubisho halazimiki kuithibitishia serikali kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza. Anaruhusiwa kuandika kwamba inasaidia kumbukumbu, mradi aongeze kwa maandishi madogo kwamba mamlaka ya dawa, FDA, haijalikagua dai hilo.

Ginkgo, kirutubisho cha majani ya mti wa jina hilo, ilinufaika sana na mlango huo. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya jaribio la watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, waliofuatiliwa kwa takriban miaka sita: ginkgo haikuzuia ugonjwa wa kupoteza akili. Chupa hazikuondoka madukani.

Watumiaji wa leo hawatosheki na kidonge kimoja. Wanachanganya: pirasetamu na kolini, au kafeini na teanini, vitu viwili ambavyo mnywaji wa chai huvipata kikombeni bila kutoa dola hata moja ya ziada. Wengine huchukua dawa za hospitali. Jarida la Nature lilipowauliza wasomaji wake mwaka 2008, watu 1,400 kutoka nchi 60 walijibu, na mmoja kati ya watano alikiri kutumia dawa za aina hiyo bila sababu ya ugonjwa. Walioongoza ni watumiaji wa Ritalin, dawa ya tatizo la umakini.

UCB nayo iliendelea kuchezea umbo la pirasetamu. Mjukuu mmoja, levetirasetamu, alionekana kuzuia degedege kwa panya wa aina fulani, na mwaka 1999 akaidhinishwa Marekani kuwa dawa ya kifafa. Leo inatumiwa na wagonjwa duniani kote. Hakuna aliyeinunua ili apate akili.

Pirasetamu yenyewe, FDA ilikwisha kusema kwamba haistahili kuitwa kirutubisho. Hata hivyo, Pieter Cohen wa Harvard na wenzake walipopima bidhaa tano zilizouzwa Marekani, nne walizikuta nayo. Mnunuzi anayefuata maelekezo ya chupa moja angeweza kumeza zaidi ya gramu 11 kwa siku, wakati wazee wa Ulaya huandikiwa gramu 2.4 hadi 4.8, chini ya uangalizi wa daktari anayezipima figo zao.