Waliovusha Majeshi

Kwenye ukuta wa makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yameandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. La Mkongo halimo hata moja. Wengi hudai askari weusi wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waandikwe nao, na dai hilo ni la haki, ila linaishia njiani: hata likitimizwa, Mgenia, mvuvi na mpiga kasia wa mto Lualaba, atabaki nje, kwa kuwa hakuvaa sare. Machi 1893, Francis Dhanis, kamanda wa jeshi hilo, alikwama ukingo wa magharibi wa Lualaba, Nyangwe, mji wa wafanyabiashara wa Kizanzibari, ikiwa ng'ambo ya pili. Bunduki anazo, askari anao, vyombo vya kuvukia hana. Mto ulikuwa wa Wagenia, na mitumbwi yao ndiyo iliyolivusha jeshi, mji ukatekwa. Anayesimulia ushindi ule kwa kutaja maofisa na askari peke yao amesimulia nusu, tena si ile nusu iliyolowa maji.

Wapo watakaosema kupiga kasia si kupigana. Basi tupime kwa hiari? Amri ya mwaka 1891 iliruhusu kuandikisha askari kwa lazima, na bado hakuna anayesita kuwaita askari. Tukipima kwa hatari, mtumbwi uliojaa watu wenye silaha ndio shabaha ya kwanza mtoni. Pingamizi zito zaidi ni jingine: Wagenia waliwahi kuwavusha wafanyabiashara wa Kizanzibari, kisha wakawavusha waliokuja kuwang'oa, hivyo kuwakumbuka ni kuusifu ukoloni. Hapa ndipo kuandika na kusifu vinapochanganywa. Aliyeishi kwa mto hakuchagua nani atashuka ufukoni akiwa na bunduki, na rekodi inayoonyesha hivyo inaufichua ukoloni kuliko sanamu yoyote. Hata Waingereza, ambao hawakuwa na sababu ya kuona haya, walimweka mpagazi kando ya askari katika sanamu za Nairobi mwaka 1928, ingawa bila jina. Askari wa sanamu ya Dar es Salaam, ya 1927, amesimama peke yake, bila mpagazi. Na Kisangani, penye maporomoko ya Wagenia, ungekuwa mji wa mwisho kuamini kwamba vita ni vya wenye sare tu: Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humo siku sita kwa mizinga, waliozikwa wakiwa raia walikuwa mamia.

Majina yatapatikana wapi? Si Brussels kwanza. Kwenye maporomoko hayo ya Kisangani, nguzo za kutundikia mitego ya samaki husimamishwa mahali penye wenyewe, na haki hiyo hurithiwa katika ukoo. Mzee anayejua mahali fulani palikuwa pa babu wa nani ana orodha ambayo hakuna karani aliyeiandika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani waanzie hapo, mwamba kwa mwamba, waulize nani aliitwa kupiga kasia na nani hakurudi. Kumbukumbu za kijeshi zifunguliwe baadaye, kwa kulinganisha.