Kichanganuzi

Neno "kichanganuzi", litokalo kwenye kitenzi "changanua", katika isimu kompyuta humaanisha programu inayolitenga neno katika mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vyenye maana. Katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, watafiti wamekiundia Kikree cha Nyanda, lugha ya wenyeji wa asili, kichanganuzi cha namna hiyo, kwa kuwa kitenzi chake hubeba sentensi nzima: neno nikî-wâpamâw, "nilimwona", lina ni- ya nafsi (kama Kiswahili, ingawa ni sadfa tu), kî- ya wakati uliopita, shina wâpam na kiishio -âw kinachomhusisha anayeonwa. Mwanafunzi wa uzamili katika fani hii anapaswa kuketi kwanza na wazungumzaji wazee, maana matini ya Kikree ni machache mno kuifunza mashine yenyewe.